Fedha za Mzee Ugenini Si Fedha Zilizolala



Tumeletewa barua na kijana mmoja wa nyumba ya Kiislamu, naye ametuomba tusimtaje jina wala mji wake. Ombi lake ni la haki, na tutalitimiza. Lakini maneno ya barua hiyo yahusu nyumba nyingi, si yake peke yake, kwa hiyo tumeona yafaa kuyajibu hapa mbele ya wasomaji wote.

Asema kijana huyu kwamba baba yake alifanya kazi Uingereza muda wa miaka mingi, mpaka akastaafu. Baridi ya huko ilimchosha na gharama zake zikamshinda, basi akahamia Thailand, nchi iliyokuwa ikiitwa Siam zamani, akakaa na mkewe katika mji wa Chiang Mai, upande wa kaskazini. Mwaka huu binti wa nyumba ameposwa, na ndugu yake mdogo amepata nafasi ya chuo. Haja ya fedha imekuwa kubwa. Katika kuulizana, wana wakapata habari kwamba baba yao anazo baht 800,000 katika benki ya huko, wala hazigusi. Wakamwomba alete nusu yake. Mzee akajibu kwa maneno machache tu, ya kwamba fedha hizo hawezi kuzitoa. Tangu siku hiyo nyumba haina raha. Mmoja asema baba amekuwa bakhili katika uzee wake, mwingine asema ugeni umemsahaulisha damu yake, na mama kila akipigiwa simu hulia. Kijana atuuliza: Je, yajuzu kwa baba kuzuia fedha zilizolala, na hali wanawe wana haja nazo?

Jawabu letu ni kwamba swali lenyewe limejengwa juu ya jambo lisilokuwa kweli. Fedha hizo hazikulala. Zinasimama usiku na mchana, nazo ndizo nguzo inayoshika dari juu ya kichwa cha mzee na cha mama yenu. Mwenye kuing'oa nguzo hiyo kwa ajili ya harusi huenda akafurahi siku moja, kisha akawapokea wazazi wake uwanja wa ndege wakiwa wamefukuzwa. Tutaeleza kwa nini, kwa kuwa asiyeijua sheria ya mahali anapokaa mzazi wake hawezi kumhukumu mzazi huyo kwa uadilifu.

Kwanza yapasa kutofautisha vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya, yaani viza na ruhusa ya kukaa. Viza ni idhini ya kuufikia mlango wa nchi, na mara nyingi hutolewa na ubalozi kabla mtu hajasafiri. Ruhusa ya kukaa hutolewa na ofisa wa Uhamiaji pale mtu anapoingia, nayo ina tarehe yake ya mwisho iliyoandikwa katika mhuri wa pasipoti. Thailand inayo viza ya wastaafu, iitwayo O-A, kwa mtu aliyetimiza umri wa miaka 50. Viza hiyo ina uhai wa mwaka mmoja, na kila aingiapo nayo kabla haijakufa hupewa ruhusa ya kukaa mwaka. Viza ikiisha, haiongezwi. Kinachoongezwa ni ruhusa ya kukaa, nayo huongezwa mwaka mmoja mmoja, ndani ya nchi yenyewe, katika ofisi ya Uhamiaji ya mkoa anakokaa mgeni.

Basi mzee aliyekaa Chiang Mai miaka kumi hakupewa miaka kumi. Amepewa mwaka mmoja mara kumi, na kila mara amekwenda na karatasi zake, akapanga foleni, akahojiwa, akalipa ada ya baht 1,900, akashukuru Mungu alipoona mhuri mpya. Mwaka wa kumi na moja hauna dhamana kwa sababu ya kumi iliyopita. Hili ndilo jambo ambalo wana wengi waliobaki nyumbani hawalijui. Wao hudhani baba amehamia. Serikali ya huko yamhesabu kuwa ni mgeni aliyeruhusiwa kukaa mpaka tarehe fulani.

Sasa tuje kwenye fedha. Serikali ya Thailand haikatai wazee wa kigeni, lakini haitaki kubeba mzigo wa uzee wao. Kwa hiyo yataka dalili ya uwezo, na njia ziko tatu. Njia ya kwanza ni kuweka baht 800,000 katika benki ya Thailand kwa jina la mwombaji mwenyewe. Njia ya pili ni kuwa na mapato, kama vile pensheni, yasiyopungua baht 65,000 kila mwezi. Njia ya tatu ni kuchanganya, yaani mapato ya mwaka mzima yakijumlishwa na fedha za benki yafikie 800,000. Kwa mfano, mwenye pensheni ya baht 40,000 kwa mwezi hupata 480,000 kwa mwaka, na hubakiwa na haja ya kuonyesha 320,000 katika benki.

Mzee wenu amefuata njia ya kwanza, nayo ina sharti zake. Fedha zote 800,000 ziwe zimo benki si chini ya miezi miwili kabla ya kuomba. Na tangu mwaka 2019 liliongezwa sharti jingine, kwamba baada ya kupewa ruhusa zibaki zote kwa muda wa miezi mitatu, kisha kwa muda uliobaki zisishuke chini ya 400,000 mpaka wakati wa kuomba tena. Tutoe mfano ili jambo liwe wazi. Tuseme mzee huongezewa ruhusa yake kila tarehe 1 Juni. Basi tangu tarehe 1 Aprili fedha zote ziwemo. Zibaki zote mpaka mwisho wa mwezi wa Agosti. Tangu tarehe 1 Septemba mpaka tarehe 31 Machi aweza kutumia nusu yake, lakini nusu ya pili asiiguse hata senti. Na ikifika tarehe 1 Aprili, ile nusu iliyotoka iwe imekwisha rudi mahali pake.

Ndugu zetu, tazameni hesabu hii vizuri. Katika miezi kumi na miwili, mitano fedha zote zimefungwa, na saba nusu yake imefungwa. Hakuna siku moja katika mwaka ambapo mzee yuko huru kuzitoa zote. Naye daftari lake la benki huangaliwa na ofisa, mstari kwa mstari. Je, mtu aliyefungwa namna hii aitwa bakhili?

Huenda msomaji akauliza: Kwa nini asifuate njia ya pensheni, akaziacha fedha za benki huru? Swali ni zuri. Zamani ilikuwa rahisi zaidi, kwa kuwa ubalozi wa mtu ulimwandikia barua ya kueleza mapato yake, na Idara ya Uhamiaji ikaikubali. Lakini mwishoni mwa mwaka 2018 balozi za Uingereza, Marekani na Australia zilitangaza kwamba hazitatoa barua hizo tena. Tangu hapo raia wa nchi hizo watakao kufuata njia ya mapato huonyesha kwa hati za benki ya Thailand kwamba fedha zimeingia kutoka nje ya nchi mwezi baada ya mwezi, si chini ya 65,000 kila mara. Mwezi mmoja ukipunguka kwa sababu thamani ya pauni imeshuka, mlolongo umekatika. Tena iko taabu nyingine kwa waliofanya kazi Uingereza. Serikali ya huko haiongezi pensheni yake ya taifa kwa wastaafu wanaokaa Thailand. Kiasi anachoanza nacho mtu ndicho anachobaki nacho, hata bei za vitu zikipanda miaka ishirini. Kwa hiyo pensheni iliyotosha jana huenda isitoshe kesho, na mzee mwenye akili hushika njia ya fedha za benki maana anaiona mbele yake.

Na wengine husema: Basi afanye kazi kidogo, afundishe, au auze vitu, aongeze pato. Hili halifai hata kidogo. Ruhusa ya mstaafu hairuhusu kazi. Akikamatwa akifanya kazi bila kibali amevunja sharti la ruhusa yake, na kumshauri jambo hilo ni kumsukuma shimoni.

Wako pia watu katika miji ya huko wanaojitia kusaidia wazee waliopungukiwa. Humwambia mzee awalipe ujira, nao wataziweka fedha zao katika akaunti yake kwa siku chache, au watatengeneza mambo ofisini mhuri upatikane, kisha fedha hizo ziondoke. Wazee wengi wameingia katika mtego huu kwa unyonge na aibu ya kusema kuwa hawana. Twasema wazi: huo ni ushahidi wa uongo, na mhuri uliopatikana kwa uongo si mahali pa kuweka kichwa usiku. Siku wakala akikamatwa, hutazamwa pasipoti zote alizozishika. Mwenyezi Mungu katika mwanzo wa Sura ya Al-Maida ametuamrisha tutimize mikataba tuliyofunga, wala hakusema kwamba mkataba na asiyekuwa Muislamu ni mwepesi zaidi. Mgeni aliyepiga mhuri mlangoni amefunga mkataba na wenye nchi.

Sasa tueleze hatari yenyewe ni nini, maana vijana wetu husikia neno "ruhusa imekwisha" wakalidhani ni jambo la faini ndogo. Faini ipo, nayo ni baht 500 kwa kila siku iliyopita, mpaka kufikia 20,000. Lakini faini si mwisho wa mambo. Kwa amri iliyoanza kutumika tarehe 20 Machi 2016, aliyepitiliza zaidi ya siku 90, akajitokeza mwenyewe kuondoka, hufungiwa mlango wa nchi kwa mwaka mmoja. Aliyepitiliza zaidi ya mwaka hufungiwa miaka mitatu, zaidi ya miaka mitatu hufungiwa mitano, na zaidi ya mitano hufungiwa kumi. Akiwa hakujitokeza bali amekamatwa, hata kama ni chini ya mwaka, hufungiwa miaka mitano, na ikiwa ni zaidi ya mwaka, kumi. Mtu wa miaka 75 akifungiwa miaka kumi, nani kati yetu atamwambia kwamba atarudi? Nyumba yake, daktari wake, msikiti aliouzoea na majirani zake wote huwa nyuma ya mlango huo.

Na mama yenu hali yake ni dhaifu zaidi. Mke wa mstaafu aweza kukaa kwa kumfuata mumewe, bila kuweka fedha zake mwenyewe. Hilo ni jepesi wakati wa salama. Lakini ruhusa yake imefungwa katika ruhusa ya mume kama jahazi ndogo iliyofungwa nyuma ya kubwa. Mume akikosa, naye amekosa. Mume akifa, msingi wa ruhusa yake umeondoka, na yambidi atafute msingi mwingine au aondoke, tena katika siku zile zile ambazo angestahili kukaa eda yake kwa utulivu. Tena fedha za marehemu katika benki hazitolewi kwa sababu tu mjane amekuja analia. Benki huzizuia mpaka mahakama imtaje msimamizi wa mirathi. Basi mjane aweza kuwa na baht 800,000 katika jina la mumewe, na asiwe na nauli.

Kwa sababu hii twamgeukia mzee mwenyewe, maana haki haiko upande mmoja. Bwana wetu, umefanya vyema kulinda fedha hizo, lakini umekosea kunyamaza. Ulijibu neno moja, na neno moja kwa watoto walio mbali ni kama mlango uliofungwa. Wazee wetu wengi wana tabia ya kuficha mambo ya fedha kwa wana wao, wakidhani ni heshima. Lakini siri hii huzaa dhana mbaya, na dhana mbaya huvunja nyumba. Ungewaeleza tangu mwaka wa kwanza kwamba fedha hizi ni sharti la kukaa kwako, wasingekuita bakhili. Tena twakunasihi kwa upole: andika wasia. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale bila wasia wake kuandikwa. Andika wasia unaotambulikana na sheria ya nchi iliko mali hiyo, ukichunga mafungu ya mirathi aliyoyaweka Mwenyezi Mungu. Na mkeo awe na akaunti yake mwenyewe, yenye kumtosha walau miezi michache na nauli ya kurudi.

Kuhusu riba ambayo benki huandika juu ya fedha hizo, Muislamu asiiingize katika chakula chake, bali awaulize wanavyuoni namna ya kuitoa. Thailand iko Benki ya Kiislamu iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2002, na anayetaka kuweka amana yake huko aiulize kwanza ofisi yake ya Uhamiaji kama hati zake zitakubaliwa. Na waliopata ruhusa kwa njia ya viza ya O-A wakumbuke sharti la bima ya matibabu lililoanza mwezi wa Oktoba 2019, na ambalo kiasi chake kilipandishwa mwaka 2021. Huulizwa kila mwaka kiasi kinachotakiwa wakati huo, wala haitegemewi habari ya mwaka jana.

Sasa twawaelekea vijana. Ninyi mwajua simu na tarakilishi kuliko baba zenu, na macho yenu husoma herufi ndogo. Badala ya kumwuliza mzee ana fedha kiasi gani, mwulizeni tarehe zake ni zipi, kisha ziandikeni ukutani nyumbani, na mmoja wenu awe mwenye dhamana ya kuzikumbusha. Ziko nne.

Ya kwanza ni tarehe ya mwisho wa ruhusa. Kwa kawaida ombi hupokelewa siku 30 kabla, na ofisi nyingine hupokea mapema zaidi. Mzee asingoje siku ya mwisho, kwa kuwa ofisi hufungwa siku za sikukuu za huko, kama mwaka wao mpya wa Songkran katikati ya Aprili, na mgonjwa aliyelazwa hawezi kupanga foleni. Akiugua, ofisi iarifiwe mapema kwa barua ya hospitali.

Ya pili ni taarifa ya siku 90. Kila mgeni akaaye siku 90 mfululizo huarifu Idara anakokaa. Haina ada, na yaweza kutolewa kuanzia siku 15 kabla ya tarehe mpaka siku 7 baada yake. Aliyechelewa hutozwa baht 2,000. Lakini angalieni: siku 90 si miezi mitatu, maana miezi mitatu yaweza kufika siku 92. Wala taarifa hii haiongezi ruhusa. Wako waliotoa taarifa kwa uaminifu kila mara, wakadhani wamo salama, kumbe mwaka wao umekwisha.

Ya tatu ni tarehe za kuingia na kutoka kwa fedha, kama tulivyozieleza.

Ya nne ni tarehe ya kila safari. Mstaafu akitoka Thailand bila kuchukua kwanza ruhusa ya kurudi, ruhusa yake ya kukaa hufa palepale, hata kama imebaki miezi kumi. Ruhusa ya kurudi mara moja ni baht 1,000, na ya kurudi mara nyingi ni 3,800. Hapa ndipo wana huwaponza wazazi wao bila kukusudia. Hutokea msiba nyumbani, simu ikapigwa usiku, "Baba, njoo, tutazika kesho," na mzee kwa kihoro akakimbilia ndege. Akimaliza matanga akarudi, anaanza upya kama mtu asiyejulikana. Basi mwenye kupiga simu ya msiba aseme pia, "Na ruhusa ya kurudi usiisahau." Twaona ni bora zaidi mzee awe nayo ile ya mara nyingi wakati wote, maana mauti hayapigi hodi. Na akiwa anakwenda Hija au Umra, hali ni hiyo hiyo.

Mgeni aingiapo kwanza katika nyumba, mwenye nyumba anayempangisha yampasa kuiarifu Idara ndani ya saa 24 kwamba mgeni yumo nyumbani kwake. Karatasi hii ikikosekana, kazi nyingine ofisini huweza kukwama, basi mzee amkumbushe mwenye nyumba.

Jambo moja dogo la kuangalia: karatasi nyingi za serikali ya huko hutumia hesabu ya miaka ya Kibudha, iliyo mbele ya Miladi kwa miaka 543, hata mwaka 2025 wao wakauita 2568. Nyumba ya mzee wenu ina kalenda tatu, ya Hijra kwa ibada yake, ya Miladi kwa pasipoti yake, na ya wenyeji kwa karatasi zao. Msaidieni asizichanganye.

Sasa turudi kwenye swali la kijana, tulijibu kwa ukamilifu. Harusi ya binti haistahili kugusa fedha hizo. Ndoa huthibiti kwa walii, mashahidi, mahari na ridhaa, na mahari huja kwa binti, hayatoki kwake. Kilichobaki ni chakula na furaha, na furaha hupimwa kwa uwezo. Harusi haikosi baraka kwa kuwa pilau ilikuwa sufuria mbili badala ya kumi. Lakini ada ya chuo ya mdogo wenu ni jambo lingine, kwa kuwa elimu ikikosa wakati wake huenda isirudi. Hapo mzee, kama aona moyo wake unamruhusu, aweza kutoa sehemu katika ile nusu isiyofungwa, baada ya miezi mitatu kupita tangu mhuri mpya. Iwe ni mkopo, si zawadi, maana fedha hizo zina siku yao ya kurudi. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Baqara ametuagiza kuliandika deni lenye muda. Basi andikeni kiasi na tarehe, na tarehe ya kulipa iwe mwezi mzima kabla ya ile ya Uhamiaji, kwani fedha zitumwazo kutoka nchi hata nchi huchelewa. Na ndugu wote wakubwa watie saini kwamba mmoja akishindwa wengine watalipa. Ikiwa hampo tayari kutia saini hiyo, basi mmekwisha jijibu wenyewe kwamba fedha hizo hazifai kuombwa.

Na ikiwa mambo yatazidi uwezo wa mzee, thamani ya fedha ikishuka au maradhi yakizila, msimwache ajifiche. Arudi kwa heshima kabla ya tarehe, si baada yake. Hapa pia ulizeni mapema, maana wengine waliokaa Uingereza walichukua uraia wa huko. Kenya imeruhusu uraia wa nchi mbili tangu Katiba ya mwaka 2010, na aliyepoteza uraia wake wa kuzaliwa aweza kuomba kuurudisha. Tanzania haijaruhusu uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima, basi mzaliwa wake aliyechukua uraia mwingine yambidi kutafuta idhini ya kukaa hata katika mji alikozikwa mama yake. Msingoje siku ya dhiki ndipo mkaanza kuuliza.

Wala tusiilaumu Thailand kwa sheria zake. Nasi tunazo. Kenya ina kibali cha daraja K kwa mgeni aliyetimiza miaka 35 mwenye mapato ya hakika yatokayo nje, naye hazuiliwi kustarehe pwani yetu maadamu ametimiza sharti. Kila mwenye nyumba huuliza mgeni atakaa mpaka lini.

Kwa hiyo, ewe kijana uliyetuandikia, tunakuagiza mambo mawili usiku wa leo, kabla ya Isha au baada yake. Mpigie mama simu, umwambie asilie tena. Kisha umwombe baba simu, umtake radhi kwa lile neno la ubakhili, wala usitaje fedha. Mwulize tu: "Baba, tarehe yako ni lini mwaka huu?" Twatumaini atakaa kimya kidogo, kisha atakuambia yote, kwa sababu hajawahi kuulizwa.

Na katika nyumba yenu iliyoko nyumbani, kitengeni chumba kimoja. Kipakeni chokaa, wekeni kitanda na mswala. Huenda kisihitajike miaka mingi, na mzee akaendelea kupata mhuri wake kila mwaka kwa salama. Lakini mzee ajuaye kwamba chumba kipo hulala vizuri huko aliko, na hatashawishika kutafuta mhuri wa uongo.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wazazi wetu wote walio karibu na walio mbali, awape uzee mwema, na atupe sisi subira ya kuuliza kabla ya kuhukumu. Amin.